Ni mchezo upi wa Duke na North Carolina niwaonyeshe vijana wangu?

Kocha wa Njiro, Arusha

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha mpira wa kikapu katika shule moja ya sekondari hapa Arusha, na wiki mbili zilizopita vijana wangu walipoteza mchezo ambao kila aliyekuwapo aliuhesabu kuwa umekwisha: tulikuwa tunaongoza kwa pointi sita, imebaki dakika moja, tukaanza kuurusha mpira ovyo kana kwamba unatuchoma mikono, wenzetu wakatupita kwa pointi moja. Tangu siku hiyo wanakuja mazoezini wameinamisha vichwa. Nimeazima projekta kwa jioni moja ya Jumamosi, na ningependa kuwaonyesha mchezo mmoja kati ya Duke na North Carolina, ambao katika kikapu cha vyuo vya Marekani ni watani wa jadi kama Simba na Yanga kwetu, na makao yao yametengana kwa kilomita 16 hivi, yaani kutoka mjini hapa hadi kuipita Tengeru kidogo. Michezo yao inayosimuliwa ni mingi, nami jioni ninayo moja. Ninyi mngechagua upi, na kwa sababu gani?

Mzee wa Soweto, Moshi

Mwalimu, pole kwa yaliyowafika vijana. Kwa ugonjwa ulioueleza, dawa ni mchezo wa tarehe 2 Machi 1974, uliochezwa Chapel Hill, nyumbani kwa North Carolina. Duke walikuwa mbele kwa 86 kwa 78 zikiwa zimebaki sekunde 17, na wakati huo mtupo wa pointi tatu haukuwapo katika kikapu cha vyuo, kwa hiyo pointi nane ilibidi zitafutwe moja moja au mbili mbili. Bobby Jones wa North Carolina akafunga mitupo huru miwili. Duke wakarusha mpira kuuingiza uwanjani, ukanyakuliwa, John Kuester akafunga. Wakauingiza tena, wakaupoteza tena. Walter Davis akakosa, Jones akachukua ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, na kuurudisha kikapuni, ikawa 86 kwa 84. Kisha mchezaji wa Duke akafanyiwa madhambi, akasimama kwenye mstari wa mtupo huru, akakosa. Zilipobaki sekunde tatu, Mitch Kupchak alirusha mpira mrefu ukamfikia Davis, kijana wa mwaka wa kwanza, naye akautupa kutoka umbali wa mita tisa hivi. Ukagonga ubao, ukaingia. North Carolina wakashinda 96 kwa 92 katika muda wa nyongeza.

Watu humsimulia Davis, na ni haki yake. Mimi ningewasimamisha vijana kwenye ile mipira miwili ya kuingiza. Anayerusha kutoka nje ya mstari ana sekunde tano tu, na anayepokea akisimama kuusubiri mpira umfikie, badala ya kuufuata huku ameutanguliza mwili wake mbele ya mlinzi, basi mlinzi ndiye atakayeupata. Nimelisema hilo viwanjani hapa Moshi kwa miaka mingi, na bado naona timu nzuri zikipoteza michezo mahali hapo hapo.

Mama Abdul, Majengo, Moshi

Shikamoo, Mzee wa Soweto. Sikupingi kuhusu 1974, lakini kocha ana projekta, na vijana wa leo wanahitaji picha safi ya mchezo mzima. Ningechagua nusu fainali ya taifa ya tarehe 2 Aprili 2022, iliyochezwa New Orleans. Kwetu ilikuwa imeshafika alfajiri ya Jumapili, mwanzoni mwa Ramadhani. Mimi na mwanangu tulikuwa tumeamka kwa ajili ya daku, simu tukaiegemeza kwenye chupa ya uji, kila mmoja akila tende bila kuitazama sahani. Adhana ilitukuta kipindi cha pili kimeshaanza. Tukaifunika simu, tukaswali, na tulipoifunua bado hakuna aliyekuwa amemwacha mwenzake.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa watani hao kukutana katika mashindano ya taifa, na kocha Mike Krzyzewski alikuwa ametangaza kwamba anastaafu baada ya misimu 42 Duke. Mwezi mmoja nyuma, North Carolina walikuwa wamemharibia siku yake ya mwisho nyumbani kwa 94 kwa 81. Safari hii uongozi ulibadilika mara 18. Armando Bacot wa North Carolina aliumia kifundo cha mguu, akarudi uwanjani, akamaliza na ribaundi 21. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja na Duke wako nyuma kwa pointi moja, Mark Williams wao alikosa mitupo huru miwili, kisha Caleb Love wa North Carolina, aliyefunga pointi 28 usiku huo, akafunga mtupo wa pointi tatu mbele ya mikono mirefu ya Williams huyo huyo. North Carolina wakashinda 81 kwa 77.

Kocha, usikose kuwaambia kilichofuata. Siku mbili baadaye, katika fainali, North Carolina hao hao walikwenda mapumziko wakiwaongoza Kansas kwa 40 kwa 25, na wakafungwa 72 kwa 69. Vijana wako wajue ni nani wengine walioonja walichokionja wao.

Mdau wa Sakina

Kocha, nakuomba jambo moja: usiwaonyeshe kile kipande cha Jeff Capel wa Duke cha Februari 1995, maana wataanza kutupa mipira kutoka katikati ya uwanja mwezi mzima. Mtupo ule ulisawazisha 95 kwa 95 mwishoni mwa muda wa kwanza wa nyongeza, ukumbi wa Cameron, nyumbani kwa Duke, ukalipuka kwa shangwe, na bado Duke walifungwa 102 kwa 100.

Ningependa pia wausikie ule wa Februari 1979, ambao North Carolina walishikilia mpira kwa makusudi hadi mapumziko yakafika Duke wakiongoza kwa 7 kwa 0, na Duke wakashinda 47 kwa 40. Vyuo viliwekewa kikomo cha sekunde 45 za kushambulia msimu wa 1985/86. Nyinyi mna sekunde 24, na ukiongoza kwa pointi sita dakika ya mwisho, kuzitumia zote bila hofu ni ufundi unaofunzwa kama ufundi mwingine.

Kocha wa Njiro, Arusha

Nawashukuru sana, nyote. Projekta itaonyesha 2022, mchezo mzima, na habari ya Kansas nitaisema mwenyewe taa zikishawashwa. Ule wa 1974 tutaucheza. Jumamosi asubuhi, kabla sakafu ya saruji haijapata joto, nitaandika 86 kwa 78 kwa chaki kwenye ukuta wa darasa, niweke sekunde 17 kwenye saa, na timu itakayokuwa Duke itaanza kwa kuuingiza mpira. Mzee wa Soweto, kama nauli ya kutoka Moshi si tatizo, ningefurahi ukisimama pale kwenye mstari wa kurushia.

Mzee wa Soweto, Moshi

Marahaba, Mama Abdul. Kocha, nauli ipo. Nitapanda basi la kwanza.