Springi za valvu za injini ya boti ya kasi: mbili za kuchomekana, au moja iliyobanwa juu?

Dira_ya_Kusi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimefungua injini ya boti yangu, V8 ya Chevrolet ya lita 8.2, kwa sababu springi za valvu zilizokuwamo, zile zinazozirudisha valvu kufunga, zimepoteza nguvu, na ninatakiwa kuagiza nyingine kabla fundi hajamaliza kusaga viti vya valvu. Nimebakiwa na machaguo mawili. La kwanza ni springi mbili, ndogo ndani ya kubwa, zenye utepe wa chuma katikati wa kupunguza mtetemo. La pili ni springi moja ambayo mapindi yake ya juu yamebanwa yakawa membamba kuliko ya chini. Ipi itadumu zaidi?

Kipimo_Kwanza:
Mkuu, swali lako halijibiki lilivyo. Kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, ni ya tapeti bapa au ya tapeti zenye rola (tapeti ni kipande kinachopandishwa na nundu hizo), na kama ni za rola, je, zinajazwa na oili au ni ngumu? Valvu inanyanyuka kiasi gani? Injini inafika mizunguko mingapi kwa dakika rafadha ikiwa majini? Tapeti bapa zikibebeshwa zaidi ya takriban pauni 350 valvu ikiwa wazi, zinaanza kula kamshafti. Zile za rola zinazojazwa oili huhitaji kati ya pauni 130 na 160 valvu ikiwa imefungwa, na 350 hadi 420 ikiwa wazi. Anayekupendekezea springi bila kuuliza hayo anakuuzia bahati.

Rola_Nzito:
Mimi sisubiri majibu hayo, kwa sababu kwa chombo cha majini jibu ni springi mbili. Injini ya gari la mashindano hukaa kwenye kasi ya juu kwa sekunde chache, lakini ya boti hushikilia mizunguko 4,800 kwa saa nzima ikiwa imebeba mzigo. Kwa kasi hiyo kila valvu hufunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 144,000 kwa saa, na saa mia moja za mwendo huo zinazidi mara milioni kumi na nne. Chuma kikibanwa na kuachiliwa hivyo kinachoka, na siku kitakapokatika, springi ya pili ndiyo itakayoshikilia valvu isidondokee kwenye silinda. Springi moja haikupi nafasi hiyo.

Waya_Mmoja:
Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Kinachoua springi nyingi ni mtetemo wake yenyewe: mapindi yakianza kucheza kwa mdundo mmoja, springi inapoteza nguvu haswa pale inapohitajika, na valvu inarukaruka juu ya kiti chake. Ile iliyobanwa juu ina mapindi ya upana tofauti, kwa hiyo haina mdundo mmoja wa kuingia, na kofia yake, kipande kinachoishika springi kwa juu, ni ndogo na nyepesi, jambo linalopunguza uzito wa kurushwa juu na chini. Ule utepe wa katikati unaousifia hufanya kazi yake kwa kusuguana, na msuguano ni joto. Waya wa kromu na silikoni huvumilia hadi takriban nyuzi 245 za Selsiasi, na ule wa kromu na vanadi takriban 220. Hakuna sababu ya kuongeza joto mahali ambapo oili peke yake ndiyo inayopoza.

Mkongwe_wa_Bandarini:
Nawasimulieni yaliyompata jirani yangu wa gatini, kwa sababu yanahusu mabishano haya moja kwa moja. Alipeleka injini yake kwenye karakana moja, akawekewa springi moja iliyobanwa juu, ya daraja zuri, pauni 150 valvu ikiwa imefungwa na pauni 400 kwa kila inchi ya kubanwa. Maandishi ya kiwandani yalitaja kimo cha kufungia, yaani urefu wa springi valvu ikiwa imefungwa, lakini karakana haikupima. Viti vya valvu vilikuwa vimesagwa mara kadhaa huko nyuma, valvu zikawa zimezama na mikia yake imepanda, kwa hiyo springi zilisimama juu zaidi ya kimo kile kwa takriban inchi 0.060. Hesabu yake ni nyepesi: 0.060 mara 400 ni pauni 24, kwa hiyo springi ya 150 ilikuwa ikifanya kazi kama ya 126. Boti ilienda vizuri katika maji tulivu. Siku ya mawimbi rafadha ilikuwa ikichomoka majini kila mara, mzigo unatoweka ghafla, na mizunguko inapaa kabla mkono haujarudisha mafuta. Valvu zikaanza kuelea, yaani springi zikashindwa kuzirudisha kwa wakati. Springi moja ya upande wa ekzosi ikakatika, koleti, vipande vinavyoifunga kofia kwenye mkia wa valvu, zikafyatuka, na valvu ikadondoka juu ya pistoni. Kilichopona ni mfuniko wa valvu na vitu vya nje. Pistoni, silinda hedi na ukuta wa silinda vyote viliharibika. Karakana ikasema springi zilikuwa mbovu.

Rola_Nzito:
Ahsante, mkongwe. Umenithibitishia: springi ya ndani ingekuwapo, valvu isingedondoka.

Waya_Mmoja:
Umethibitishiwa kwamba karakana haikupima. Springi mbili zilizokaa juu ya kimo chake zingeelea vilevile, na valvu iliyoelea kwa muda inaweza kukatika kichwa hata springi zikiwa nzima.

Kipimo_Kwanza:
Nyote wawili mnazungukia jambo ambalo shimu (vipande vyembamba vya kuwekwa chini ya springi) za bei ndogo na kifaa cha kupimia vingelimaliza. Pimeni kimo kwa kila valvu, si kwa moja kwa niaba ya nyingine, kisha hakikisheni kwamba valvu ikiwa wazi kabisa imebaki angalau inchi 0.060 kabla mapindi hayajagusana. Mwanzilishi wa mada yuko wapi?

Dira_ya_Kusi:
Nipo, mkuu. Tapeti ni za rola zinazojazwa oili, na mnyanyuko wa valvu ni takriban inchi 0.560. Silinda hedi ni za alumini, valvu za kuingizia hewa zina inchi 2.25. Injini ina supachaja inayosukuma hewa ndani yake kwa pauni 8 kwa inchi mraba. Nilifikiria pia kuweka kofia za titani.

Kipimo_Kwanza:
Supachaja ilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza! Valvu ya inchi 2.25 ina eneo linalokaribia inchi mraba 4. Kwa pauni 8, hewa inaisukuma mgongoni kwa takriban pauni 32 ikitaka kuifungua. Nguvu hiyo lazima uiongeze upande wa kuingizia, kwa hiyo springi ya 140 haitoshi hapo. Ukipanda zaidi, nayo tapeti inaweza kuzidiwa, na pushi rodi nyembamba, ile fimbo inayopeleka msukumo wa tapeti kuelekea kwenye valvu, ikapinda. Tupe unene wa pushi rodi zako.

Rola_Nzito:
Titani achana nayo. Springi huisugua kofia laini ya titani kwa saa nyingi hadi inachimbika, na boti ni saa nyingi. Chuma kigumu kinatosha.

Mkongwe_wa_Bandarini:
Nami naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: boti inayolala muda mrefu huacha baadhi ya valvu zikiwa wazi, na springi zake zikiwa zimebanwa miezi yote hiyo. Je, hilo haliziharibu?

Waya_Mmoja:
Springi iliyotengenezwa vizuri haichoki kwa kukaa imebanwa ndani ya kiwango chake. Unyevu wa chumvi unaoganda chini ya mfuniko wa valvu ndio wa kuogopa, kwa maana kishimo kidogo cha kutu juu ya waya ndiko ufa unakoanzia, hata kama waya ulipigwa risasi ndogo za chuma kiwandani ili uwe mgumu kwa nje. Pakeni oili kabla ya kulaza boti.

Rola_Nzito:
Oili ipi? Zile za magari ya kisasa zimepunguzwa zinki inayokinga vyuma visisagane.

Kipimo_Kwanza:
Zinki ni hoja ya tapeti bapa, naye ana za rola. Dira, bado tunasubiri unene wa pushi rodi na vimo vya springi kwa valvu zote kumi na sita.

Dira_ya_Kusi:
Fundi anasema kifaa cha kupimia kimo hana. Natafuta cha kuazima.