MREJESHO: Albamu za black metal mlizonishauri, nipo Mtwara

Wakuu, habari za siku nyingi. Niliuliza humu mtu aliyekulia roki ya bendi ya Black Sabbath aanzie wapi kwenye black metal, ile roki kali ya giza, bila kuambulia kelele tupu. Asanteni sana wote mliochangia.

Nilimfuata mkuu aliyesema nianze na At the Heart of Winter ya bendi ya Immortal, ya 1999. Ushauri wa dhahabu! Nyimbo ni ndefu, magitaa yanasikika vizuri, mwendo wake ni wa roki niliyoizoea. Kwangu ndiyo namba moja.

In the Nightside Eclipse ya Emperor, ya 1994, iligoma kwenye sabufa hapa Shangani, besi ilimeza kila kitu. Aliyeshauri hedifoni, Mungu akubariki: kinanda kikaibuka nyuma ya magitaa, kizito, cha huzuni, nikairudia hadi usiku wa manane.

Transilvanian Hunger ya Darkthrone, ya mwaka huohuo, bado haijaniingia. Namheshimu Fenriz, mpiga ngoma wao, kwa kupiga vyombo vyote mwenyewe, na ule ukavu wa sauti ni wa makusudi, ila mdundo wa ngoma haubadiliki, nachoka mapema.

Ndugu wa Lindi uliyeuliza swali kama langu, anza na Immortal, Darkthrone iache mwisho.