Tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya Alexander Mkuu yenye waridi: ni ya nani?

Pwani_Sarafu
Wakuu, habari. Sarafu ya fedha: upande mmoja kijana aliyevaa ngozi ya simba, wa pili Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, kaketi na tai mkononi, nyuma yake jina la Alexander kwa Kigiriki. Mbele ya Zeus kuna waridi, chini ya kiti herufi PO. Mizani ya sonara Kariakoo imesoma gramu 16.62. Upana milimita 34, nyembamba. Ni ya enzi zake kweli? Na huu weusi, niutoe kwa ndimu?

DrakmaNne
Ndimu acha kabisa, asidi inakula uso wa sarafu. Alexander alikufa 323 KK, na tetradrakma za wakati wake ni nene, milimita 25 hadi 28 hivi. Waridi ni nembo ya Rhodes, kisiwa cha Wagiriki. Hiyo P ya Kigiriki husomwa R, kwa hiyo PO ni Ro, mwanzo wa jina la Rhodes. Ziligongwa takriban 201 hadi 190 KK. Angalia kwa lenzi juu ya waridi, utakuta jina la ofisa, kwa mfano Stasion.

Upanga77
Kwa nini Rhodes watumie jina la mtu mwingine? Sarafu zao zenye Helios, mungu jua, zilikuwa nyepesi, tetradrakma gramu 13 na ushei. Ya Alexander ilifuata uzito wa Athens, karibu 17, na ilikubalika bandari nyingi bila maswali.

Ila mkuu, pima kwanza. Weka glasi ya maji kwenye mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote. Gawanya 16.62 kwa namba itakayosomeka, upate msongamano (gramu kwa kila sentimita ya ujazo). Fedha safi ni 10.49, shaba 8.96.

Pwani_Sarafu
Imesoma 1.79.

Upanga77
Hiyo ni 9.28, ya mashaka. Lakini sarafu ikigusa kitako cha glasi, namba hupanda. Rudia, na uiloweshe kwanza ili isibebe mapovu.

Pwani_Sarafu
Kweli iligusa. Sasa 1.61.

DrakmaNne
10.32, fedha hiyo. Bado haitoshi: mafundi wa bandia nao hutumia fedha nzuri. Kagua ukingo. Ukiona mshono unaozunguka au vitundu vya mapovu, imemiminwa kwenye kalibu. Iliyogongwa mara nyingi ina nyufa ndogo pembezoni. Usiidondoshe, fedha ya kale huweza kukatika kama biskuti. Na usiihifadhi kwenye mfuko laini wa plastiki ya PVC. Kwa joto na unyevu wa Dar utaacha utelezi wa kijani.