Mchezaji katolewa kwa kukosa mipira mitatu, dakika chache baadaye kanitoa mimi nusu fainali. Hii sheria ya besiboli ya mkimbiaji wa bure ni utapeli!

Wakuu, nina hasira tangu Jumapili usiku, nimeona bora nizimwage hapa kabla sijamtukana mtu kazini.

Nipo Marekani mwaka wa saba sasa. Besiboli nimeijulia kwenye ligi ya fantasi tunayocheza kazini, watu kumi, kiingilio dola 50. Nyie wa fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza mnaujua huu ugonjwa: unakosa usingizi kwa ajili ya beki wa timu usiyoipenda hata kidogo. Huku ni balaa zaidi, maana kila timu ina mechi 162 kwa msimu.

Sasa sikilizeni. Tunashindania vipengele kumi kwa wiki. Jumapili, mechi ya mwisho, mimi nina vitano, mpinzani wangu vinne, na kimoja sare: mikimbio, yaani mara ambazo wachezaji wako wamezunguka besi zote, vile vituo vya uwanjani, wakarudi nyumbani, pale pa kupigia. 38 kwa 38. Kabakiwa na mchezaji mmoja tu. Ininga ya tisa, yaani raundi ya mwisho ya kawaida, mechi sare, huyo mchezaji anakuja kupiga. Mpira wa tatu umedunda kabisa kwenye vumbi na bado kaufuata na rungu lake. Hewa! Katoka. Kaingia kupiga mara nne usiku ule, hajapata kitu. Nikaenda jikoni kujimiminia chai.

Narudi na kikombe, muda si mrefu namkuta kasimama besi ya pili.

Kafikaje? Kapelekwa! Kuanzia ininga ya kumi ligi kuu ya besiboli inaweka mtu besi ya pili bure, naye ni yule anayemtangulia kwenye orodha mpigaji wa kwanza wa ininga hiyo, yaani mara nyingi ndiye aliyetolewa mwisho. Mwenzake kagonga kimpira cha chini, katolewa, jamaa kasogea besi ya tatu. Anayefuata kapiga juu, mpira umedakwa mbali, jamaa kakimbia nyumbani. Mechi kwisha. Na fantasi ikamwandikia mkimbio. 39 kwa 38, vipengele vitano kwa vitano, na kwa kanuni yetu sare inampa aliye juu kwenye msimamo. Siyo mimi.

Na mtu asije kuniambia sipendi mabadiliko. Saa ya mrushaji iliyoletwa 2023 naiunga mkono asilimia mia: sekunde 15 besi zikiwa tupu, rusha. Zamani mrushaji alikuwa anafuta jasho, anakwaruza udongo kwa kiatu, anaangalia mawingu kama anasubiri mvua za masika. Mwaka 2022 mechi ya ininga tisa ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 4, mwaka uliofuata ikawa saa 2 na dakika 40. Kuongeza ukubwa wa besi nako sawa tu. Mwaka huo huo Ronald Acuña Jr. aliiba besi 73, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, na kupiga mipira 41 nje ya uwanja, na aliyekuwa naye kwenye ligi yetu alikula hela zetu kihalali. Acuña alizikimbilia zile besi kwa miguu yake, hakubebwa.

Huyu mkimbiaji wa bure aliletwa 2020 wakati wa korona, msimu wa mechi 60, ili wachezaji wasichoke. Sawa, dharura. Lakini 2023 wakaifanya ya kudumu! Na wenyewe hawaiamini: mechi za mtoano haitumiki. Oktoba 2025, fainali, mechi ya tatu, Dodgers na Blue Jays walikwenda ininga 18, saa 6 na dakika 39, mpaka Freddie Freeman alipoutoa mpira uwanjani. Kama hii sheria ni nzuri hivyo, mbona siku hiyo ilifungiwa kabatini?

Kinachoniua zaidi ni hiki. Mkimbio wa mtu huyo wa bure hauingizwi kwenye wastani wa mikimbio anayolaumiwa mrushaji, kwa sababu wanajua si yeye aliyemruhusu kufika pale. Haya, kama mrushaji hana lawama, mkimbiaji anapewa sifa ya nini? Kwa kutembea kutoka benchi?

Nimemwandikia msimamizi wa ligi yetu kwamba msimu ujao mikimbio ya aina hiyo isihesabiwe. Kanijibu eti programu haina kitufe hicho, na kikatuni cha kucheka juu yake. Msimamizi mwenyewe ndiye huyo huyo aliyenitoa.