Majirani Babati: mzigo wa Katesh
Jumanne, 5 Desemba 2023

Mwenyekiti: Habari za asubuhi majirani. Michango ya waathirika wa maporomoko ya tope kule Katesh bado napokea. Fuso la Baba Rehema linaondoka kesho alfajiri, mafuta tumeshatia.

Mama Neema: Shikamoo Mwenyekiti. Nina viroba viwili vya sembe, kilo 25 kila kimoja.

Baba Rehema: Mimi nimeshapakia gunia la maharage 💪🏾

Mwalimu (Katesh): Mungu awabariki. Ila maharage ni ya wiki ijayo. Watu wamelala madarasani, kuni zimelowa chapachapa. Nani atasubiri saa tatu?

Baba Rehema: Mwalimu, na njaa nayo inachagua? 😅

Mwalimu (Katesh): Kaka, Jumapili hayakushuka maji matupu. Mlima Hanang umemeguka, tope likaja na miti na mawe. Gendabi kuna watu hawana hata kijiko. Mkileta unga, leteni na masufuria ya shughuli.

Mama Neema: Ya kikundi chetu cha kufa na kuzikana yapo manne. Nayapiga rangi nyekundu, YARUDI!

Zawadi: Na vichanga je? Ninunue katoni ya maziwa ya kopo?

Nesi Mama Tumaini: Hapana mdogo wangu. Hayo yanataka maji safi na vyombo vilivyochemshwa. Kwa maji ya huko mtoto ataharisha, tumuue kwa huruma zetu. Mama anayenyonyesha ale, anywe, mtoto atapata kwake. Waliopoteza mama waachie wauguzi.

Zawadi: Kumbe! Basi nachukua maji ya kunywa na biskuti.

Mwenyekiti: Nesi, unga wetu utatosha watu wangapi?

Nesi Mama Tumaini: Kwenye misaada huwa tunapiga gramu 400 za unga kwa mtu kwa siku, maharage 60, mafuta 25. Kiroba kimoja ni kama watu 60, siku moja.

Mama Neema: Sitini tu?! Mie nilishajiona nimelisha wilaya 🙈

Mwalimu (Katesh): Na mkifika msigawe barabarani, nawaomba. Jana kuna pikapu ilisimama ikamwaga mikate, vijana wakajaza mikono, bibi mmoja akaambulia mfuko mtupu. Kabidhini kamati ya maafa, waandike.

Baba Rehema: Nimeelewa. Nashusha nusu gunia, maji yapate nafasi. Nani ana turubai? Huku kumeshafunga wingu.

Mwenyekiti: Ninalo. Mtume kijana sasa hivi.