Tupeane uzoefu: mikanda ya nikeli ya ubavuni kwenye pikapu za zamani

Mwanzisha mada, Nakuru
Wakubwa, habari za jioni. Pikapu ya marehemu baba, Datsun 620 ya 1976, imetoka kwenye rangi wiki jana. Ndiyo iliyotulipia karo, ikishusha viazi vya Molo sokoni Nakuru alfajiri. Sasa inang'aa, ila ubavu wa kulia unanikera. Mkanda wa nikeli, ule utepe wa chuma unaong'aa ubavuni mwa gari, umebaki wa mlango pekee. Wa fenda na wa bodi ya nyuma haipo, matundu ya klipu yako wazi. Aliyewahi kutafuta vitu hivi aniambie alivipata wapi na alivifungaje. Hata aliyeharibu, aseme.

Mwenye Chevrolet LUV, Kisumu
Pole kwa mzee, ndugu yangu. Mimi nilizunguka miezi minane, kuanzia Kirinyaga Road kule Nairobi hadi huku kwetu, na jibu likawa moja: hizo ziliisha zamani. Siku moja nimeingia soko la Kibuye hapa Kisumu kununua bawaba, nikaona mkanda kama wangu umepigiliwa ukingoni mwa rafu ya muuza misumari! Niliutambua kwa ule mfereji mweusi wa katikati. Nikamnunulia ubao mpya wa rafu, naye akanibandulia mkanda.

Ulikuwa umebonyea mahali patatu. Usithubutu kugonga kwa juu. Niliulaza kifudifudi juu ya ubao laini, nikagonga kwa ndani nikitumia kijiti cha mti mgumu na nyundo ndogo, pole pole, nikipapasa kila mara. Kidole hugundua kibonyeo ambacho jicho limekipita. Kisha msasa wa maji, namba 400, 800, 1500, 2000, halafu polishi. Jioni tatu zilikwenda kwa mkanda mmoja, na sijutii.

Hiyo ni kwa mkanda wa stenlesi, maana nikeli ni jina tu tunaloita, mingine ni stenlesi na mingine aluminiamu. Aluminiamu ina ngozi ya kiwandani inayoikinga. Ukiikwangua, mng'ao hautadumu. Sumaku ikinata, jua si aluminiamu. Isiponata bado huna hakika, maana kuna stenlesi isiyoshikwa na sumaku. Hapo sikilizia uzito mkononi.

Kakamega
Mimi niliponzwa na haraka. Nilibandika kwa tepu ya pande mbili saa kumi jioni, mawingu yameshatanda, na mnajua mvua ya Kakamega. Asubuhi nikaosha gari. Mkanda wa mlango ulibaki barabara ya Mumias, sikuuona tena. Tepu inataka bati kavu, lililopanguswa kwa spiriti, lenye joto la jua la kiasi. Bonyeza kila inchi, kisha usiiguse kwa maji siku nzima au zaidi.

Bungoma
Naomba msikubali ribiti. Fundi mmoja alinitobolea matundu mapya, akapiga ribiti bila hata tone la rangi kwenye bati lililo wazi. Kabla mwaka haujaisha, rangi ilikuwa na malengelenge chini ya kila ribiti, na ukibonyeza unasikia kutu ikivunjika. Kama matundu ya kiwandani yapo, hayo ni mali, tafuta klipu za kuyatoshea. Paka red oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ukingoni mwa tundu, ikikauka weka silikoni kidogo, ndipo usukume klipu.

Eldoret
Ukiagiza Marekani, pima kwanza. 620 ilikuwa na bodi fupi na bodi ndefu. Mimi sikuuliza, nikaletewa mkanda mfupi kwa bodi ndefu. Pesa ilikwenda.

Mwenye LUV, Kisumu
Nilisahau kueleza namna ya kuifunga! Anza na wa mlango, ndio utakaowaongoza wenzake. Vuta uzi kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, fuata kwa maski tepu, kisha simama mbali utazame. Kati ya mkanda wa fenda na wa mlango acha nafasi ya milimita tano hivi, ufungue mlango taratibu kabla ya kukaza. Ukibana sana, mlango ukifunguka ncha zitagongana na rangi yako mpya itakwanguka.

Mwanzisha mada, Nakuru
Asanteni sana, wakubwa. Nimetoka kupima sasa hivi: bodi yangu ni fupi. Ndugu wa Eldoret, kama ule mkanda bado unao na ni wa kulia, niuzie. Ndugu wa Kisumu, Jumamosi nateremka Kibuye na huu wa mlango kama sampuli. Tafadhali nionyeshe kwa yule muuza misumari.