Maji, chumvi na mrututu: atomi, molekuli na fomula tuzieleze vipi kwa usahihi?

Mwl_Kidato1
Habari zenu wakuu. Naandaa maelezo ya kemia kwa Kiswahili, kwa wanafunzi wanaotoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza. Nikiandika "maji yana hidrojeni mbili na oksijeni moja", inatosha, au neno atomi lazima liwepo? Halafu 2H, H₂ na 2H₂ nizitofautishe kwa maneno gani? Mwisho, chumvi ya mezani (NaCl) ni halali kuiita molekuli?

Pipeti
Karibu mwalimu. Neno atomi usiliache hata mara moja. "Oksijeni" peke yake hubeba mambo mawili: elementi yenyewe, na gesi tunayovuta, ambayo ni molekuli za O₂. Ukiliacha, mwanafunzi ataamini kwamba ndani ya maji kuna gesi mbili, na kwamba samaki huvuta ile oksijeni ya H₂O. Sivyo. Samaki huvuta O₂ iliyoyeyuka majini, ambayo kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye nyuzijoto 25 haizidi sana miligramu 8 kwa lita. Atomi ya oksijeni iliyo ndani ya molekuli ya maji imeshikana na hidrojeni, na matamvua hayana uwezo wa kuing'oa.

Andika hivi: "Molekuli moja ya maji ina atomi mbili za hidrojeni na atomi moja ya oksijeni." Pia taja kila mara kama unazungumzia idadi au masi. Kwa idadi ya atomi, hidrojeni ni theluthi mbili ya maji. Kwa masi, oksijeni ni takriban asilimia 89, yaani 16 kati ya 18. Mtu asipobainisha, sentensi mbili za kweli zinaonekana kupingana.

Kuhusu namba: ndogo ya chini huhesabu atomi ndani ya molekuli, kubwa ya mbele huhesabu molekuli nzima. 2H ni atomi mbili, kila moja peke yake. H₂ ni molekuli moja yenye atomi mbili zilizoungana. 2H₂ ni molekuli mbili, jumla atomi nne. Asiyeshika tofauti hii huharibu anaposawazisha mlinganyo. Anaanza na H₂ + O₂ → H₂O, anaona upande wa kulia oksijeni haitoshi, anaiongezea namba ya chini: H₂O₂. Hesabu imelingana, lakini sasa ametengeneza peroksidi ya hidrojeni, ambayo si maji hata kidogo. Sahihi ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Fomula haiguswi, unabadili namba ya mbele tu.

Fuwele_Bluu
Niongezee kwenye chumvi. NaCl si molekuli. Atomi ya sodiamu imetoa elektroni moja, ya klorini imeipokea, zikawa ioni, yaani chembe zenye chaji (ya klorini huitwa kloridi). Ndani ya fuwele kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila kloridi na sodiamu sita. Hakuna jozi unayoweza kuitenga ukasema hii ndiyo molekuli. Fomula hapo inatoa uwiano: kwa kila ioni moja ya sodiamu, ioni moja ya kloridi.

Mrututu nao usisahaulike, yaani fuwele za bluu za salfeti ya shaba, CuSO₄·5H₂O. Ile nukta si alama ya kuzidisha wala ya desimali. Inaonyesha maji yaliyofungwa ndani ya fuwele, na atomi zake zinahesabiwa: shaba 1, salfa 1, oksijeni 4 + 5 = 9, hidrojeni 10. Pasha fuwele hizo polepole kwenye testi tyubu, maji yatatoka kama mvuke na utabaki unga mweupe. Ukiudondoshea maji baada ya kupoa, bluu inarudi. Mdomo wa tyubu uinamishe chini kidogo, la sivyo matone hurudi kwenye kioo cha moto na kukipasua.

Kwenye mizani, kosa la kusahau maji hayo linauma. Lita moja ya myeyuko wa mrututu wa moli 0.1 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) inahitaji gramu 24.97 za fuwele za bluu. Aliyesahau yale maji atapima gramu 15.96, na myeyuko wake utakuwa moli 0.064 tu kwa lita.

Mwl_Kidato1
Asanteni sana. Nimejaribu shabu, KAl(SO₄)₂·12H₂O: potasiamu 1, alumini 1, salfa 2, oksijeni 20, hidrojeni 24. Jumla 48. Nipo sawa?

Pipeti
Sawa kabisa. Wengi hukosea kwenye oksijeni kwa sababu iko sehemu mbili: 4 × 2 = 8 kwenye mabano, kisha 12 za maji. Wape wanafunzi wapigie mstari kila O kabla ya kujumlisha. Na mabano yasidondoke wakati wa kunakili ubaoni: Ca(OH)₂ ina atomi mbili za oksijeni, ukiandika CaOH₂ umebakiza moja.